Neno Lililotembea na Ng'ombe

Nilikutana naye katika chumba cha kufulia. Jengo letu la Fridley, huku Minnesota, lina mashine za kufulia huko chini, karibu na mitambo ya kupasha joto, na mimi hupenda kushuka asubuhi binti yangu akishaenda kazini na wajukuu wakishapanda basi la shule. Ni mahali pa utulivu. Mashine zinanguruma, nami nasali zangu nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Siku hiyo alikuwapo bibi mmoja mwembamba mno, mweupe hata nyusi, anakunja foronya kwa kuipigapiga mapajani. Nilikuwa nimemwona mara nyingi kwenye maegesho. Aliitazama kanga yangu, akaniuliza kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito kuliko yangu, "Unatoka wapi?"

"Tanzania," nikamjibu.

"Hiyo ni nchi. Nimekuuliza watu wako."

Tangu nimfuate binti yangu Marekani, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia mimi ni Mnyiramba. Akalirudia neno hilo polepole, kama mtu anayeonja mchuzi kujua kama chumvi imekolea.

"Mna ng'ombe?"

"Tunao."

"Wazuri?"

Nikacheka. Nikamwambia ni wazuri, wana nundu, nikamwonyesha nundu kwa ngumi juu ya bega langu. Akaniangalia kwa mashaka.

"Ng'ombe mwenye nundu ni ngamia, mtoto."

Mimi na mvi zangu, mstaafu wa kazi ya usharika, mfundishaji wa watoto wa kipaimara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nikaitwa mtoto kwenye chumba cha kufulia. Nikaipenda siku hiyo.

Na mimi nikamuuliza. Nikasema binti yangu ameniambia yeye ni Mfini, mtu wa Finland, maana Wafini ni wengi katika jimbo hili tangu zamani. Akaiweka foronya kwenye kapu.

"Marehemu mume wangu alikuwa Mfini. Mwanangu ni Mfini. Mimi ni karjalainen."

Hakulieleza. Alibeba kapu lake akaondoka, akaniacha na neno hilo mikononi.

*

Tangu hapo nikawa nakwenda kwake kila Jumatano. Aliishi ghorofa ya kwanza, chini yetu kabisa, kiasi kwamba wajukuu wangu wakirukaruka aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Jikoni kwake, kwenye pembe, palikuwa na picha takatifu ya Mama wa Bwana, imezungushiwa kitambaa cheupe kilichotariziwa kwa uzi mwekundu. Sisi Walutheri hatuna desturi ya picha za namna hiyo, lakini nilijifunza kuisalimu kwa kichwa nilipoingia, kwa sababu aliye ndani ya nyumba ya mtu humsalimu kila anayekaa humo. Kando ya picha, kwenye msumari, ilining'inia kengele ya ng'ombe, ya chuma, yenye kutu.

Alinifundisha kutengeneza vitumbua vya kwao, ingawa kuviita vitumbua si sawa. Unga mweusi wa shayiri ya baridi, wanayoiita rai, unasukumwa hadi uwe mwembamba kuliko chapati yoyote niliyowahi kusukuma. Ndani unawekwa uji mzito wa mchele uliopikwa kwa maziwa, halafu ukingo unafinywa kwa vidole kuzunguka kote, vinaingia kwenye oveni. Mimi nilijiona fundi wa chapati. Aliangalia kazi yangu akatikisa kichwa.

"Unafinya kama unamfinya mtoto wa jirani kanisani. Taratibu, taratibu. Kama unamtuliza."

Ilikuwa katika kufinya huko ndipo aliponieleza. Alizaliwa Karelia, ambayo wao huiita Karjala, upande wa kaskazini wa ziwa kubwa ambalo baada ya utoto wake hakuliona tena. Watu wa kijiji chao walikuwa wa Kanisa la Orthodoksi na walikuwa na lugha yao, jirani ya Kifini lakini si Kifini. Vita na Warusi vilipofika, mpaka ukasogezwa, na wao wakaambiwa waondoke. Alikuwa msichana mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota. Watu wengine walipanda treni. Lakini ng'ombe walipaswa kutembea, na mtu wa kutembea nao alitakiwa, na bibi yake akasema yeye atatembea, na mtoto akamshika sketi.

Walitembea barabarani na ng'ombe wa kijiji kizima. Ng'ombe hawajui vita. Wakati wa kukamuliwa ulipofika walisimama wakalia, na wanawake waliwakamua hapohapo kando ya njia. Vyombo vilijaa. Wapita njia walikunywa wakashiba. Kilichobaki kilimwagwa mtaroni.

"Dunia ina njaa," akaniambia, "na sisi tunamwaga maziwa. Yalikuwa meupe mtaroni mpaka mbele huko. Nilidhani ndivyo njia zilivyo, zina mstari mweupe pembeni."

Nikasimama na unga mikononi. Nimefuata ng'ombe utotoni, najua harufu ya vumbi wanaloliinua na jinsi aliye nyuma anavyokwenda kwa mwendo wa aliye mchovu zaidi. Nilijiona nikiitambua barabara ile.

Walipofika kwa Wafini, watoto wa shule waliwacheka. Waliwaita Warusi, kwa sababu ya kanisa lao na kwa sababu ya lafudhi. Basi akajifunza Kifini mpaka hakuna aliyeweza kumjua. Akaolewa na Mfini, Mlutheri, mtu mwema. Wakaja Minnesota. Hapa Wamarekani walimwita Mfini, na ilikuwa heshima kubwa kuliko kuitwa Mrusi, basi akakaa nayo.

"Nilikaa nayo," akasema, "kama unavyokaa kwenye kiti cha mwenzio kanisani. Si kibaya. Ila kila saa unaangalia mlangoni."

*

Mwanawe aliishi Apple Valley, kusini ya mto, na alikuja Jumatano moja moja. Ni mtu mzima, naye ana mvi, alikuwa mwalimu wa sayansi kabla hajastaafu. Mpole, mwenye haraka ndogondogo: anaingia, anakagua friji, anajaribu bomba kama linavuja, anaangalia dawa.

Siku moja nilimuuliza neno lile maana yake nini. Nilimwuliza yeye kwa kuwa mama yake, nikimuuliza, alijibu, "Maana yake mimi."

Mwana akafurahi, kama walimu wanavyofurahi. Alikuwa amelisoma jambo hilo zamani, akiwa kijana, akalisahau, na sasa alilikumbuka mbele yetu akiwa amesimama na chupa ya maziwa mkononi.

"Hakuna mwenye hakika," akasema. "Wapo wanaosema linatokana na karja, yaani ng'ombe, kundi la ng'ombe. Sasa Karjala ingekuwa mahali pa ng'ombe. Wapo wengine wanaosema hapana, ni la zamani zaidi, lilitoka kwa majirani wa upande wa magharibi, na kwao lilikuwa jeshi, au umati wa watu. Na wengine wanasema hata hilo la ng'ombe lenyewe lilizaliwa na la umati. Lilianza kwa watu wengi walio pamoja, likaishia kwa ng'ombe walio pamoja."

"Na wao wenyewe walisema nini?" nikauliza.

"Akina nani?"

"Wenye jina."

Akaiweka chupa ya maziwa mezani. Mama yake, aliyekuwa akipaka siagi, akasema bila kuinua macho, "Wenye jina walikuwa wanakamua."

Tulicheka sote. Lakini usiku ule, na siku nyingi baadaye, neno hilo lilinikalia moyoni kwa uzito ambao sikuutegemea. Nilikumbuka darasa letu la chuo, mwalimu wetu mzee alipotuambia kwamba neno kanisa tulilolitamka tangu utotoni bila kulifikiri lilikuja kwetu kwa Kiarabu, na kabla ya hapo lilikuwa katika lugha za kale za Mashariki, na mzizi wake ni kukusanya. Na Kiswahili chenyewe kina jina la pwani, nami niliyezaliwa ndani ya bara, ambako bahari ilikuwa habari tu, ndicho nilichoombea na kufundishia maisha yangu yote. Mtu hubeba maneno asiyojua yametoka wapi, kama mtoto anavyobeba pua ya babu ambaye hakumwona.

Sasa hapa, katika jiko la Fridley, kulikuwa na mtu anayeitwa kwa neno ambalo hata wasomi hawajalifikia mwanzo. Walilichimba wakakuta ng'ombe. Wakachimba chini ya ng'ombe wakakuta watu. Na chini ya watu ni giza, na katika giza hilo yupo Mungu peke yake anayejua nani alilisema mara ya kwanza, na alikuwa akimwita nani. Na neno limepita kwenye majeshi na mipaka na vinywa vya watoto wakorofi wa shule, likafika, zima, kwa bibi mwembamba anayepaka siagi. Nilimshukuru Mungu kwa kunifikisha uzeeni ili nilisikie.

*

Mwishoni mwa majira ya baridi, barafu ikiwa bado ngumu kwenye maegesho, bibi alianguka bafuni. Hakuvunjika, lakini alilala sakafuni asubuhi nzima mpaka niliposhuka na chai yangu nikamkuta. Mwanawe akasema basi. Alikuwa na chumba tayari nyumbani kwake, dirisha la upande wa jua. Mama atahamia Apple Valley mwezi wa nne. Alikodi gari la mizigo, akaleta maboksi.

Bibi hakukataa. Hilo ndilo lililomchanganya mwanawe: hakukataa, lakini hakuruhusu boksi hata moja lijazwe. Aliyajaza mwana jioni, asubuhi vikombe vimerudi kabatini.

"Mama, unataka nini?" nilimsikia akimuuliza, sauti imechoka.

"Sitoki bila kuliliwa," akajibu.

Mwana akaniangalia mimi, kama vile ni jambo la wazee wa Afrika. Na kwa kweli nililielewa kabla yake.

Kwao, akatueleza, kulikuwa na wanawake wa kulia. Si kulia kwa kujiendea. Ni kilio chenye maneno na mwendo wake, kinaanza juu na kushuka kama mtu anayeshuka ngazi, na mliaji hufunika uso kwa kitambaa. Waliwalilia wafu ili waliotangulia wawatambue na kuwapokea. Lakini walimlilia hata bibi harusi, mzima wa afya, siku anayotoka kwao, kwa sababu anayetoka nyumba moja kwenda nyingine bila kuliliwa hajatoka vizuri. Bibi yake alikuwa mliaji wa kijiji. Siku ya kuondoka kwa sababu ya vita, bibi yake alizunguka zizini, akamwekea kila ng'ombe mkono shingoni na kumlilia. Alipotoka zizini aende akaililie nyumba, na watoto, askari wakasema muda umekwisha.

"Ng'ombe walililiwa," akasema. "Mimi sikuliliwa. Nimetoka Karjala bila kutoka. Nimetoka Finland. Mume wangu alipokufa, wakaimba vizuri kanisani, piano ikapigwa, tukanywa kahawa. Sasa natoka tena, na huko ninakokwenda baadaye," akaonyesha dari kwa kidole, "bibi yangu ataniuliza, wewe ni wa nani? Maana sikupelekwa na mtu."

Kisha akanigeukia. "Mtoto, wewe unaweza."

Mwana akasema taratibu kwamba moyo wa mama hauko imara, kilio kinaweza kumdhuru. Jioni, binti yangu, ambaye ni muuguzi, akaniambia hivyohivyo. "Mama, presha yake. Ukimliza halafu akadondoka?"

Mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine. Kazi yangu ya usharika miaka yote ilikuwa kuwaambia akina mama msibani watulize vilio, waimbe, kwa kuwa tuna tumaini. Niliamini hivyo na ninaamini hivyo. Nikaomba siku kadhaa. Sikupata jibu ila utulivu, na kwangu utulivu mara nyingi humaanisha bado.

Jumapili, baada ya ibada yetu ya Kiswahili, nilimweleza mama mmoja wa Kongo, wa upande wa Fizi, ambaye hunirudisha nyumbani kwa gari lake. Yeye ni mtu wa vichekesho njia nzima. Siku hiyo hakuchekesha. Aliendesha mpaka taa nyekundu, akasimama.

"Mama," akasema, "siye tulikimbia, hakuna mutu alitulilia. Tulipita porini kimya, juu ya wale ba askari. Mutoto akilia unamufunga kinywa. Mpaka leo miye niko naona roho yangu iko nyuma, inakuja na miguu." Taa ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi, hakulijali. "Mulilie, mama. Ile haiko zambi. Mungu mwenyewe alilia."

Aliposimamisha gari mbele ya jengo letu nikamshukuru, nikashuka.

*

Bibi alinifundisha kwa Jumatano mbili. Lugha haikumsumbua. "Lia kwa chako," akasema. "Bibi yangu si mjinga, ataelewa." Alinionyesha kushika kitambaa, kuyumba, kuvuta pumzi mahali ambapo pumzi yenyewe inageuka kuwa kwikwi. Sauti yake ilikuwa nyembamba na imekatika katikati, lakini iliposhuka ngazi zile, nywele za mikono yangu zilisimama. Kengele msumarini ilikuwa imetulia na nilidhani naisikia.

Ilipofika zamu yangu, nilifunika uso kwa kanga nikaanza kama ninavyoanza sala: nikamtaja jina lake, la ubatizo na la ukoo wa mumewe, vizuri, kwa sauti.

Akanipiga kofi gotini.

"Unataka nife leo?"

Katika kilio hawataji jina. Hawasemi hata mama au baba au mtoto. Wanazungukia. Mama ni aliyenibeba, aliyenitikisa usingizini. Jua, mkate, nyumba, kila kitu kina jina lake la pembeni, la upole. Jina kamili lina makali. Ukilitupa hewani wakati wa kuondoka linaweza kumwita asiyetakiwa.

Nikashusha kanga, nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha. Aliudhika. Ikabidi nimweleze.

Nilipoolewa, sikuruhusiwa kulitaja jina la baba mkwe wangu. Hakuna mke wa ukoo ule aliyelitaja. Na jina lake, kwa bahati, lilikuwa na maana ya mvua kwa lugha yetu. Basi wakwe wote, wakubwa kwa wadogo, mvua ikinyesha tulisema yale ya mawinguni yamekuja. Tulianika mtama tukikimbizana na yale ya mawinguni. Nilipoanza kufundisha dini, nilisoma habari za gharika nikiwa na jasho. Mpaka leo, mzee mwenyewe amekwisha kulala zamani, nikiona wingu zito juu ya Mississippi ulimi wangu unazunguka.

Bibi alinisikiliza kinywa wazi. Kisha akaweka mkono wake, wenye baridi na mishipa, juu ya wangu.

"Kumbe umeolewa Karjala," akasema.

Ndiyo sababu ninapoandika haya simtaji mtu kwa jina. Nimefundishwa mara mbili, na walimu wawili ambao hawakujuana, kwamba unaweza kumheshimu mtu kwa kumzungukia.

Nikamuuliza swali lililobaki. Kama jina lake halitajwi, bibi yake atamjuaje? Mwanawe alikuwa mlangoni, ameingia na maboksi mapya. Sikujua ameanza kusikiliza lini.

"Mwisho kabisa," bibi akanijibu, "sema mimi ni mtu wa akina nani. Hilo halina makali. Hilo si langu peke yangu."

*

Siku ya kuhama kulikuwa na jua, na marundo ya theluji kwenye maegesho yalikuwa meusi yakivuja maji. Safari hii alikuwa ameruhusu maboksi. Chumba kilibaki kitupu isipokuwa kiti kimoja, picha takatifu aliyoikumbatia, na kengele iliyobaki msumarini. Mwanawe alisimama kando ya mlango, funguo mkononi. Binti yangu alikuja na kipimo chake cha presha mfukoni, akasema hakuja na kitu.

Nilifunika uso kwa kanga. Nilianza juu, na sauti ikatetemeka, kwa sababu mimi ni mwimbaji wa safu ya nyuma. Nikavuta pumzi. Kisha nikashuka.

Nililia nikimwita kiganja kilichofinya kwa upole. Nikamwita mguu mdogo uliofuata miguu minne, na minne, na minne. Niliwalilia walioachwa zizini, na nyumba ambayo haikupata zamu yake. Nikamlilia mwenye sketi, maana mtoto alidhani yeye ndiye aliyeshika, kumbe mzee yule ndiye aliyeshikilia. Nikayalilia meupe yaliyomwagwa kando ya njia. Nilimlilia aliyekaa kitini pa mwenzake akiangalia mlango. Sikuwa nimepanga, lakini nikajikuta nawalilia waliopita porini kimya na watoto wao, na walio kwetu ambao sikuwapo walipozikwa, na yale ya mawinguni. Nilishukuru pia ndani ya kilio. Sikujua kama inaruhusiwa. Nilimshukuru Mwenye kuhesabu kundi lake gizani.

Alikuwa anayumba pamoja nami. Nilimsikia. Machozi yake hayakuwa na kwikwi. Yalimwagika tu, mengi, na uso wake chini yake ulikuwa umelainika kama wa msichana.

Nikafika mwisho. Nikasema kwa Kiswahili, "Mpokeeni, ni wa..." na hapo neno likanikwama. Nilikuwa nimelizoea miezi yote, na sasa nililiona kwa ukubwa wake, na kinywa changu kikawa kidogo.

"Karjalainen," akasema mwanawe kutoka mlangoni.

Alilisema taratibu na kwa uzito, kama anayeliinua kutoka chini. Kisha akalisema tena, na safari hii alimwangalia mama yake, na akaongeza maneno kwa lugha ambayo si Kiingereza. Baadaye aliniambia alisema, "Na mimi mwanawe."

Bibi alitulia. Akajipangusa kwa kitambaa cheupe chenye uzi mwekundu. Akainama mbele ya kila pembe ya chumba, pembe nne, hata ile yenye bomba la joto. Binti yangu alikuwa ameshika mdomo wake.

"Umesahau ng'ombe wa kengele," bibi akaniambia. "Alikuwa mkorofi lakini ndiye aliyetuongoza."

"Nitamlilia Jumatano, dada."

"Jumatano uko Apple Valley. Basi mbili. Usichelewe, nitakuwa nimeshasukuma unga."

Mwana akaitoa kengele msumarini. Nilidhani ataifunga kwenye gazeti kama vitu vingine. Aliishika tu mkononi, na alipotembea ikalia, kavu, mara moja na mara nyingine, kwenye korido yote ya jengo letu, mbele ya milango ya watu, na mama yake akatembea nyuma yake bila kushikwa na mtu.

Nilipanda juu. Mjukuu wangu mdogo alikuwa dirishani. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia sakafu. Akaniuliza kwa Kiingereza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Jirani anahama."

Akaniangalia macho yangu mekundu, akaangalia chini. Gari la mwana lilikuwa linatoka kwenye maegesho. Lilikwenda polepole mno, hata pale ambapo hapakuwa na gari lingine wala barafu, polepole mpaka mjukuu wangu akacheka, akaniuliza kwa nini haendi.

"Anakwenda," nikasema. "Ana ng'ombe mbele yake."